Umekimbia Riba Benki, Imekupata Nyumbani

Mwezi uliopita dada mmoja anayefanya kazi za ndani Muscat alitutumia ujumbe wa sauti wa dakika sita. Tunausimulia hapa kwa ruhusa yake, bila jina wala mtaa. Yuko mwaka wa pili kwenye nyumba ileile. Mshahara wake ni riali 90. Kila mwezi anatuma riali 40 kwa mama yake Tanga, anabakiza kidogo za vocha na sabuni, zinazobaki anaweka. Mpaka siku ile alikuwa na riali 1,050 taslimu, zimefungwa kwenye mfuko wa nailoni, mfuko uko ndani ya soksi, soksi iko chini ya begi la nguo.

Kwa nini hazipo benki? Akasema: "Mimi riba siitaki. Ni dhambi, nitakuja kuulizwa."

Hapo tulimheshimu. Lakini ujumbe ukaendelea. Mama yake alikopa shilingi 500,000 kwa watu wa kausha damu ili aezeke chumba kabla ya mvua. Kila mwezi anawapelekea shilingi 100,000 wanazoziita faida, na deni lenyewe liko palepale, 500,000. Huu ni mwezi wa saba. Hiyo laki moja inatoka wapi? Inatoka kwenye zile riali 40 za kila mwezi.

Halafu likaja la tatu. Kwenye kundi la WhatsApp la watu wa kwao kuna bwana anakusanya hela za "mradi wa halali". Unaweka pesa, unapokea asilimia 10 kila mwezi. Dada akiweka zote 1,050 atapokea riali 105 kwa mwezi, zaidi ya mshahara wake. Swali lake kwetu lilikuwa hilo moja tu: "Niingie, au nisiingie?"

Jibu letu, usiingie. Lakini jibu la neno moja halimsaidii mtu, maana kesho atakuja bwana mwingine na mradi mwingine. Kwa hiyo leo tuongee vizuri. Hela ya kwenye soksi, deni la mama na mradi wa WhatsApp ni jambo moja lenye sura tatu, na wapo watafiti waliolichunguza.

Tuseme mapema: sisi ni wahasibu, si mashehe. Hukumu ya riba kamuulize mwanachuoni unayemwamini. Sisi tunaleta hesabu. Na ndugu zetu Wakristo mnaotusoma mkiwa Riyadh, Doha na Dubai, msifunge ukurasa. Hesabu hizi ni zenu pia.

Watafiti walikuta nini

Mwaka 2013 watafiti watatu wa Benki ya Dunia, Asli Demirgüç-Kunt, Leora Klapper na Douglas Randall, walitoa utafiti kuhusu Waislamu na huduma za fedha. Walitumia majibu ya watu wazima zaidi ya 65,000 kutoka nchi 64. Waliwalinganisha Waislamu na wasio Waislamu, wakizingatia pia tofauti nyingine za watu hao na za nchi zao.

Wakakuta mambo mawili. La kwanza, Waislamu wana uwezekano mdogo zaidi wa kuwa na akaunti benki au kuweka akiba benki. Hilo wengi wetu tungelibashiri. La pili ndilo la kukaa nalo: hawakupata ushahidi wowote kwamba Waislamu wanakopa kidogo kuliko wengine, iwe kwenye taasisi au mitaani.

Soma tena polepole. Kwenye kuweka tuko nyuma. Kwenye kukopa tuko sawa na watu wote.

Utafiti haukusema kwamba wote hao wanakopa kausha damu. Hilo tunalisema sisi, kwa tunayoyaona kwenye jumbe zenu. Mtu anaikwepa benki kwa ajili ya riba, basi hana mahali pa kuweka. Asiye na mahali pa kuweka, likimkuta jambo, hana pa kuchota. Mtoto anaumwa, bati linavuja, ada inadaiwa, anakwenda kwa yule wa karibu anayetoa hela siku hiyohiyo. Na huyo wa karibu ndiye mwenye riba kali kuliko benki yoyote mjini. Umeikimbia riba mlango wa mbele, imeingilia wa nyuma, na mwenye nyumba hana habari.

Tupige hesabu ya mama wa Tanga. Laki moja juu ya laki tano ni asilimia 20. Kwa mwezi, si kwa mwaka! Miezi saba ameshatoa shilingi 700,000 na bado anadaiwa 500,000. Deni zima, kwa bei ya riali siku ile, lilikuwa chini ya riali 80. Binti yake ana 1,050 kwenye soksi.

Sasa iangalie ile ahadi ya asilimia 10 ya WhatsApp. Dada akilipa deni la mama yake, anaokoa asilimia 20 kila mwezi. Ni mara mbili ya anachoahidiwa, ina uhakika, na hakuna shehe atakayesema kumtoa mama yako kwenye riba ni haramu. Uwekezaji mzuri kuliko wote aliokuwa nao ulikuwa kwenye paa la mama yake.

Neno "halali" lina bei

Utafiti uleule uliuliza zaidi katika nchi tano za Kaskazini mwa Afrika na Mashariki ya Kati. Waliokuwa wanatumia huduma za benki za Kiislamu walikuwa wachache. Lakini walipoulizwa wangechagua nini kama wangepewa nafasi, waliochagua huduma ya Kiislamu walikuwa kundi kubwa kuliko mengine, hata pale ilipokuwa na gharama kubwa zaidi.

Jordan nako watafiti Dean Karlan, Adam Osman na Nour Shammout walifanya jaribio: watu walitangaziwa mikopo, baadhi ya kawaida, baadhi ya taratibu za Kiislamu. Walioomba walipanda kutoka asilimia 18 hadi 22 mkopo ulipokuwa wa Kiislamu.

Maana yake watu wetu hawatanii kuhusu dini yao. Wako tayari hata kulipa zaidi. Ni jambo la heshima. Lakini mfanyabiashara yeyote akijua kwamba neno moja linamfanya mteja asiulize bei, atalitumia neno hilo. Mwaminifu atalitumia, na tapeli atalitumia.

Misri walilipia somo hili. Miaka ya 1980 Wamisri wengi walikuwa kazini Ghuba kama sisi leo, na hela zao zilikuwa zikirudi nyumbani kwa wingi. Zikaibuka kampuni zilizojiita za kuwekeza mali Kiislamu. Al-Rayan ilikuwa ya jina kubwa, na zilikuwapo Al-Saad, Al-Sharif na nyinginezo. Wenye kampuni walionekana watu wa dini, na matangazo yao yalisema benki ni riba, njooni huku ni halali. Waliahidi faida ya zaidi ya asilimia 20 kwa mwaka wakati benki zilikuwa zinatoa kidogo zaidi ya nusu ya hapo. Watu wakaweka akiba za miaka.

Mwaka 1988 serikali ya Misri ilitunga sheria namba 146 iliyozitaka kampuni hizo zijisajili na zifungue vitabu vya hesabu. Vitabu vikashindwa kufunguka vizuri. Al-Rayan ikaanguka mwaka huohuo, kiongozi wake akakamatwa, na sehemu kubwa ya hela ilikuwa imeshapotea kwenye biashara za kubahatisha. Walioweka walisubiri miaka mingi kurudishiwa sehemu ya mali yao.

Tuangalie tena namba. Kampuni za Misri ziliahidi asilimia ishirini na kitu kwa MWAKA, zikaanguka. Bwana wa WhatsApp anaahidi 10 kwa MWEZI. Na msidhani tunaisema dini moja. Watanzania wanaikumbuka DECI ya mwaka 2009, iliyosimamiwa na wachungaji. Tapeli huingia kwa mlango ambao wewe huufungi, na mlango huo mara nyingi ni imani yako.

Waliofanya vizuri walifanyaje

Tusimalize na machungu tu. Mwaka 1963 yalianza mambo mawili ambayo kila anayesoma fedha za Kiislamu huyakuta.

La kwanza lilikuwa Mit Ghamr, mji mdogo kwenye delta ya Nile huko Misri. Mchumi Ahmad al-Najjar, aliyesoma Ujerumani Magharibi na kuziona benki za akiba za kule, alianzisha benki ya akiba ya watu wa kawaida. Uliweka kidogokidogo, hukupewa riba, lakini kuweka kwako kulikupa haki ya kukopa kidogo bila riba ukipatwa na haja. Wakulima waliokuwa wakificha hela ndani wakaanza kuzileta. Benki ile ilisimama kwa miaka michache tu, mwaka 1967 ikamezwa na benki za serikali. Lakini ilionyesha kwamba mtu masikini anaweka, ilimradi apewe mahali panapoendana na moyo wake.

La pili ni Malaysia. Mchumi Ungku Aziz aliandika mwaka 1959 kwamba watu wa vijijini wanauza mashamba na mifugo ili waende Hija, kisha wanarudi na jina la Haji bila mali. Kutokana na wazo lake likaanzishwa shirika la akiba ya mahujaji, ambalo leo linaitwa Tabung Haji. Lilianza Septemba 1963 likiwa na wanachama 1,281 na amana zisizofika 50,000 kwa fedha za huko. Leo lina wenye akaunti zaidi ya milioni 8.

Lakini hata Tabung Haji haikuwa salama kwa jina tu. Mwaka 2018 serikali ya Malaysia ilitangaza kwamba madeni ya shirika yamezidi mali zake, na ikabidi iunde kampuni maalumu ya kubeba mali zilizoshuka thamani. Waweka akiba hawakupoteza amana zao kwa sababu serikali ilisimama nyuma yao. Nyuma ya bwana wa WhatsApp amesimama nani?

Akaunti zenyewe zikoje

Siku hizi huna haja ya kuchagua kati ya soksi na riba. Oman iliruhusu benki za Kiislamu mwaka 2011, na Bank Nizwa ikafungua milango mwanzoni mwa 2013. Kenya kuna Gulf African Bank tangu 2008. Tanzania kuna Amana Bank tangu 2011, na benki kadhaa za kawaida zina dirisha la Kiislamu. Uganda ilipata benki yake ya kwanza ya aina hii, Salaam Bank, mwaka 2023. Hatusemi nenda hii uache ile, na hakuna aliyetulipa. Tunasema zipo.

Ukifika kaunta utakutana na maneno mawili makubwa.

Akaunti ya amana au kardhi: hela yako inatunzwa au benki inakuwa imeikopa kwako bila riba. Unairudishiwa yote ukiitaka. Faida hujaahidiwa. Benki ikikupa kitu ni zawadi, isipokupa huna madai. Kwa hela ya dharura, hii inatosha.

Akaunti ya mudharaba: wewe unatoa mtaji, benki inafanya biashara, mnagawana faida kwa uwiano mliokubaliana, kwa mfano 40 kwako na 60 kwao. Mnagawana faida iliyopatikana, haiahidiwi kiasi. Na kwa kanuni zake, ikitokea hasara bila uzembe wa benki, hasara ya mtaji ni yako. Kwa hiyo mtu akikwambia "ni mudharaba, na utapata 10 kila mwezi bila kukosa", amejikanusha mwenyewe ndani ya sentensi moja. Biashara ya kugawana faida haina bila kukosa.

Na ukitaka kukopa?

Hapa tuwe wakweli. Sehemu kubwa ya ukopeshaji wa benki za Kiislamu ni murabaha: benki inanunua kitu, inakuuzia kwa bei ya juu, unalipa kidogokidogo. Wataalamu kama Mahmoud El-Gamal na Timur Kuran wameandika kwa miaka mingi kwamba kwa upande wa mfuko, mara nyingi murabaha haitofautiani sana na mkopo wa kawaida.

Tuchukue mfano wetu wenyewe. Pikipiki ya kaka yako dukani ni shilingi 3,000,000. Benki ya Kiislamu inamuuzia kwa 3,600,000, miezi 24, kila mwezi 150,000. Benki ya kawaida inamkopesha 3,000,000 kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, riba ikihesabiwa kwenye deni lililobaki. Tukipiga hesabu, rejesho linakuja karibu 149,800 kwa mwezi. Tofauti ni nauli ya daladala.

Basi tofauti iko wapi? Iko kwenye mkataba. Kwenye murabaha benki lazima imiliki kile kitu kwanza kabla ya kukuuzia. Bei ikishaandikwa haipandi. Ukichelewa, faini kama ipo hutolewa sadaka, haiingii kwenye faida ya benki. Kwa mtu anayeweza kuachishwa kazi ghafla Dammam na kurudishwa nyumbani, bei isiyopanda ni kitu kikubwa. Lakini usikubali bei yoyote kwa sababu tu imeitwa halali. Uliza jumla: "Mpaka namaliza nitakuwa nimetoa shilingi ngapi?" Kisha uliza benki ya pili swali hilohilo.

Kabla hujatoa hela yako

Andika haya kwenye simu, umuulize yeyote anayetaka akiba yako, awe benki au mjomba:

1. Umesajiliwa na nani? Benki Kuu ya nchi gani inakusimamia? Kisha hakikisha mwenyewe, usiishie kuamini karatasi aliyokutumia.
2. Faida inatokana na biashara gani hasa? Ipo wapi, nani ameiona?
3. Ikitokea hasara, ya nani?
4. Nikitaka hela yangu yote Jumatatu, naipata siku gani?
5. Ukianguka, nani ananilipa? Kwenye benki zilizosajiliwa kuna bima ya amana: Tanzania ni mpaka shilingi 7,500,000, Kenya mpaka shilingi 500,000.

Anayekasirika kwa swali la kwanza, la pili huna haja ya kuuliza.

Na mchezo je, au chama kama wasemavyo Kenya? Mchezo wa watu kumi mnaofahamiana, kila mtu anatoa sawa na anapokea sawa, hauna riba, na umewajengea nyumba wengi wetu. Ila mchezo hauhifadhi dharura. Zamu yako ikiwa mwezi wa nane, ugonjwa hausubiri mwezi wa nane. Cheza, lakini uwe na akaunti pembeni.

Kaka zetu wa saiti, nanyi msiseme haya ni ya akina dada. Mnaotunziwa mishahara na fomeni kwa sababu "benki ni riba", hiyo si amana kama hamna maandishi. Siku kampuni ikifunga kambi, fomeni naye anatafuta ndege.

Dada wa Muscat

Tulimjibu kwa mpangilio huu: kwanza deni la mama, pili akaunti, tatu ndipo mambo ya kuwekeza. Wiki iliyopita alituma sauti nyingine, fupi.

Deni limelipwa. Mjomba wake alisimamia, wakamrudishia mama karatasi aliyosaini, wakaichana mbele yake. Ile laki moja ya kila mwezi sasa inabaki ndani, ni shilingi 1,200,000 kwa mwaka. Ijumaa yake ya mapumziko alichukua bataka na pasipoti, bahati nzuri bosi wake hakuzishikilia, akaenda na mwenzake mpaka benki, akaulizia akaunti isiyo na riba. Alirudi mara mbili kwa ajili ya barua ya mwajiri, mara ya tatu ikafunguliwa.

Kwenye kundi la WhatsApp aliuliza swali la kwanza kati ya yale matano. Bwana wa mradi akamwambia ana imani ndogo. Kisha akamtoa kwenye kundi.

Tukamuuliza, soksi je? Akacheka. Kwenye soksi kumebaki riali 50. Anasema bila kitu kule chini ya begi usingizi hauji.

Hatukumgombeza.